Mgeni njoo, jangwa lionekane

Dada yangu na mumewe waliingia Tucson, kusini mwa jimbo la Arizona nchini Marekani, wakiwa na watoto wadogo na masanduku machache. Dada aliuguza wagonjwa kwa zamu za usiku. Shemeji aliendesha basi la abiria. Kwa miaka yote hiyo korongo la Grand Canyon, ambalo watu huvuka bahari kwenda kulitazama, lilikuwa mwendo wa saa sita hivi kwa gari kutoka mlangoni kwao, na hawakuwahi kulitia machoni. Kulikuwa na zamu, ada za shule, mkopo wa nyumba na fedha za kutuma Morogoro. Walipostaafu ndipo ndugu walipoanza kupishana kuwatembelea, na ndugu aliyetoka mbali hawezi kukalishwa sebuleni kutwa akitazama televisheni. Ikabidi atembezwe. Mgeni njoo, mwenyeji apone: ugeni wa ndugu ndio uliowafungulia wazee hawa nchi waliyokuwa wakiishi.

Mwezi Mei zamu ya ugeni ilikuwa yangu. Niliyojifunza njiani ni haya: mandhari, hata yawe makubwa kiasi gani, huanza kusema pale unapotembezwa na mwenyeji mwenye muda. Dada na shemeji walikuwa wenyeji wangu. Nao wana wenyeji wao, watu walioishi katika jangwa lile karne nyingi kabla Arizona haijawa jimbo mwaka 1912. Safari yetu nzima ilikuwa ya kutoka mikononi mwa mwenyeji mmoja kwenda kwa mwingine.

Arizona inajulikana kama nchi ya wastaafu. Mwaka 1960 mkandarasi Del Webb alifungua Sun City, mji uliojengwa jirani na Phoenix kwa ajili ya wazee, na tangu hapo jua la majira ya baridi limekuwa likivuta watu wenye mvi kutoka majimbo ya kaskazini. Wengi huja theluji inapoanza kwao na kuondoka joto la jangwani linapopanda. Dada na shemeji hawakufuata jua. Walifuata kazi, wakazeekea hapo. Lakini wamepata haki ileile waliyonayo wazee wengine wa Marekani: kadi ya hifadhi za taifa kwa raia na wakaazi wa kudumu waliofikisha umri wa miaka 62. Ya maisha yote inauzwa dola 80. Shemeji ameiweka kwenye pochi pamoja na leseni yake ya udereva, na nikimtazama anavyoitoa langoni naona mtu anayejua kwamba ameifanyia kazi.

Alfajiri kwenye msitu wa dungusi

“Amka, mdogo wangu. Jua la huku halina subira,” dada aliniita kukiwa bado giza. Shemeji alikuwa nje akikagua upepo wa matairi na kupakia madumu ya maji. Kwao hakuna safari inayoanza bila maji, hata ya kwenda kilomita 20.

Hifadhi ya Taifa ya Saguaro ina sehemu mbili, moja mashariki mwa Tucson na nyingine magharibi. Tulikwenda ya magharibi. Saguaro ndiyo dungusi kakati ile ndefu yenye mikono, ambayo watu wengi wameiona kwenye filamu za makauboi. Huota katika jangwa la Sonora tu, linaloanzia Arizona kusini na kuingia Mexico. Kulipopambazuka tukajikuta tumezungukwa na maelfu yake yakipanda miteremko ya mawe, miti mingine ikiwa mirefu kupita nyumba ya ghorofa tatu.

Dada alinipeleka kwenye mti mmoja mfupi, usio na mkono hata mmoja, uliomzidi yeye kimo kwa kiasi kidogo tu. “Huyu ni rika langu,” akasema. Hakuwa akitania. Katika miaka minane ya mwanzo mche wa saguaro haufikishi hata sentimita nne. Unapofikisha miaka 70 ndipo unakuwa na urefu wa mita mbili hivi. Mkono wa kwanza huchipuka kati ya miaka 50 na 75, na penye ukame mkali huchelewa zaidi. Mti wenyewe huweza kuishi miaka 150 hadi 200. Ile mirefu yenye mikono mingi tuliyokuwa tukiitazama ilikuwa imesimama pale kabla barabara ya kwanza ya lami haijafika.

Nikasogea karibu. Shina lina mikunjo iliyonyooka kutoka juu hadi chini, na miiba imepangwa kwenye migongo ya mikunjo hiyo. Mvua ikinyesha, mizizi iliyotanda karibu na uso wa ardhi hunyonya maji upesi, mikunjo ikafunguka na shina likanenepa. Ukame ukirudi, shina hukonda na mikunjo hubanana. Mti mkubwa ulioshiba maji huweza kufikia tani mbili. Siku ile nafasi kati ya mkunjo na mkunjo ilikuwa finyu kiasi kwamba kidole kisingepita. Dada alinionyesha hilo kwa jicho la muuguzi anayekagua ngozi ya mgonjwa aliyepungukiwa maji: mvua ya mwisho ilikuwa ya siku nyingi.

Hata hivyo miti ilikuwa imechanua. Juu kabisa, kwenye ncha za mikono, palikuwa na maua meupe mazito. Kila ua hufunguka usiku na kufungika mchana unaofuata, halirudi tena. Usiku huhudumiwa na popo wanaopanda kutoka Mexico; asubuhi njiwa na nyuki humalizia. Kwenye mashina mlikuwa na matundu ya kigogota, na kigogota akihama humo huingia bundi mdogo. Mti hujitengenezea gamba gumu kuzunguka tundu hilo, na hata ukifa na kuoza, gamba hubaki zima kwenye mchanga. Zamani wenyeji walilitumia kama chombo cha kuwekea vitu.

Wenyeji hao ni Watohono O’odham. Mwezi Juni, joto linapokuwa kali kuliko wakati wowote, ndipo wanapovuna matunda ya saguaro kwa ufito mrefu unaotengenezwa kwa mbavu za saguaro iliyokufa. Tunda hupikwa kuwa asali nzito, na kinywaji kinachochachuliwa kutokana nayo hutumika katika ibada ya kuomba mvua. Mwaka wao huanza hapo, mvua zinapokaribia. Ardhi yao ya leo, iliyo magharibi na kusini ya Tucson, ina ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 11,000, lakini nchi yao ya asili ilikatwa vipande viwili Marekani iliponunua eneo lile kutoka Mexico katika miaka ya 1853 na 1854. Hawakuulizwa. Msomaji anayejua jinsi Wamaasai walivyojikuta wawili, wa Kenya na wa Tanganyika, hahitaji maelezo zaidi.

Kwenye ardhi hiyo ndipo lilipo kanisa la San Xavier del Bac. Misheni ilianzishwa mwaka 1692 na padri Mjesuiti, Eusebio Kino, na jengo jeupe linaloonekana leo lilijengwa kati ya 1783 na 1797. Bado ni parokia. Tulisali pale Jumapili pamoja na familia za Kiodham. Nje, chini ya vibanda vilivyoezekwa kwa matawi, akina mama walikuwa wakikaanga mikate bapa kwenye sufuria za mafuta yaliyochemka. Shemeji alinunua, akagawa, kisha akaenda kuketi nao. Anawajua kwa majina kwa sababu baadhi yao walipanda basi lake.

Kuna mti mmoja wa kule unaotuhusu sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Unaitwa mesquite. Waodham walisaga maganda yake matamu kuwa unga, wakachoma kwa kuni zake, wakajenga kwa magogo yake. Ndugu yake wa karibu ndiye mathenge, aliyeletwa Baringo nchini Kenya miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa, akaishia kumeza malisho na kuozesha meno ya mbuzi. Nilimtazama yule wa Arizona akiwa kwao, na wadudu wake, ndege wake na watu wanaojua matumizi yake. Mmea mmoja ni chakula mahali fulani na balaa mahali pengine, na tofauti kubwa iko kwenye ujuzi wa wenyeji.

Joto na mfereji

Phoenix hatukukaa. Tulipita tu, na shemeji alinieleza sababu tukiwa kwenye barabara kuu yenye njia nyingi. Mwaka 2023 mji ule ulikaa siku 31 mfululizo ambazo joto lilifika nyuzi 43 za Selsiasi au zaidi, na kaunti yake, Maricopa, ilihesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto. Wengi walikuwa watu wasio na makazi, wazee, na watu waliofia ndani ya nyumba zenye viyoyozi vilivyoharibika. Dada amewahi kuhudumia wagonjwa wa joto, na ndiyo maana hakuacha kunipa chupa: “Kunywa kabla hujasikia kiu. Ukisikia kiu umechelewa.”

Maji yenyewe yanatoka mbali. Mfereji wenye urefu wa kilomita 541 hutoa maji ya mto Colorado mpakani na California na kuyaleta hadi Phoenix na Tucson, na njiani hupandishwa kwa pampu zaidi ya mita 800. Watu wapatao milioni 40 katika majimbo saba na Mexico wanategemea mto huo mmoja. Makubaliano ya kuugawa yalitiwa saini mwaka 1922, na majimbo hayo yaligawana maji mengi kuliko mto unavyotoa katika mwaka wa kawaida. Kwa sababu hiyo, miaka mingi sasa Colorado haufiki baharini.

Kutoka Phoenix barabara hupanda. Ndani ya saa mbili unatoka mita 330 juu ya usawa wa bahari hadi Flagstaff, mita 2,100, na dungusi zinaisha, inaingia misonobari na ubaridi wa kuvaa sweta. Flagstaff ndiko sayari kibete ya Pluto ilikogunduliwa mwaka 1930, na mji huo umekuwa ukidhibiti taa zake ili nyota zionekane. Tulilala hapo kwa ajili ya goti la shemeji, ambalo halipendi safari ndefu kwa mkupuo mmoja.

Hatua moja, miaka milioni moja

Grand Canyon ina urefu wa kilomita 446. Penye upana mkubwa ni kilomita 29 kutoka ukingo hadi ukingo, na kina chake hupita kilomita moja na nusu. Takwimu hizi nilizijua. Nilipofika ukingoni hazikunisaidia kitu, kwa sababu macho hayana cha kulinganishia. Ndege walikuwa wakiruka chini yangu. Mto ulioukata ukuta ule wote ulionekana kipande kidogo tu, wa rangi ya kahawia, kama hauendi.

Watu wengi huja, hupiga picha, hukaa nusu saa na kuondoka. Wazee wangu walikuwa na mpango mwingine. Kwenye ukingo wa kusini kuna njia tambarare iliyofunguliwa mwaka 2010, iitwayo Trail of Time. Imepachikwa vibao vidogo vya shaba ardhini, kila mita moja kibao kimoja, na kila mita ni miaka milioni moja. Pembeni yamepangwa mawe yaliyotolewa kwenye tabaka za korongo lenyewe, kila jiwe likiwa limewekwa penye umri wake. Unaruhusiwa kuyashika.

Njia hii imefaa wazee kuliko vijana, kwa sababu haimfaidii anayekimbia. Tulianza na leo. Kwa kipimo kile, milimita moja ni miaka 1,000, kwa hiyo umri wote wa shemeji, miaka 70 na ushee, haufiki hata sehemu ya kumi ya milimita. Historia nzima ya binadamu wa aina yetu, miaka 300,000 hivi, inaishia sentimita 30, ndani ya hatua ya kwanza. Zinjanthropus, ambaye Mary Leakey alimfukua Oldupai mwaka 1959, hafikishi mita mbili. Nyayo za Laetoli ziko kabla ya mita ya nne. Nilisimama pale na nikaona fahari ya kwetu ikiwa mwanzoni kabisa mwa njia, na mbele yake njia imenyooka inaendelea.

Mto ulianza kulichimba korongo hili miaka milioni tano hadi sita iliyopita: hatua tano, sita. Baada ya hapo unatembea muda mrefu. Jiwe la ukingoni tulipokuwa tumesimama, chokaa iliyojaa mabaki ya viumbe wa baharini, liko kwenye mita ya 270. Nililishika, lina chembe za kukwaruza. Shemeji aliketi kila penye benchi, na kila alipoketi dada naye aliketi, wakatazama. Hawakuwa na haraka ya kufika popote. Karibu na mwisho, baada ya mita 1,700, kuna jiwe jeusi linalometameta, lenye michirizi iliyopindapinda kwa joto na mgandamizo. Hilo ni la tabaka za chini kabisa, linaloonekana kando ya mto. Dada aliliwekea kiganja muda mrefu. Alisema kazini alikuwa akiwashika mkono wagonjwa waliokuwa mwishoni mwa uhai, na kwamba jiwe lile lilimpa utulivu aliokuwa akiutafuta. Sikuongeza neno.

Mashariki ya hapo, ukingoni, upo mnara wa mawe uliosanifiwa na Mary Colter na kukamilika mwaka 1932. Ndani, kuta zimechorwa na Fred Kabotie, msanii wa Kihopi. Kwa Wahopi korongo si mandhari tu. Simulizi za asili yao zinaanzia humo. Na chini, katika tawi moja la korongo, kijiji cha Supai cha Wahavasupai bado kinapokea barua zake kwa mgongo wa nyumbu. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1919, na Wahavasupai walibanwa kwenye kipande kidogo cha nchi yao hadi mwaka 1975 waliporudishiwa sehemu. Mtalii asiyesimuliwa haya hudhani amekuja mahali pasipo na mtu.

Nchi ya Wanavajo

Ukivuka kuelekea kaskazini mashariki unaingia nchi ya Wanavajo, ambao wenyewe hujiita Diné. Eneo lao ni kilomita za mraba zipatazo 71,000, limeenea katika majimbo matatu, na lina rais wake, bunge lake na polisi wake. Hata saa ni yao. Arizona haisogezi saa majira ya kiangazi; Wanavajo wanasogeza; Wahopi, ambao ardhi yao imezungukwa na ya Wanavajo, hawasogezi. Shemeji huendesha akiwa na saa mbili mkononi, moja ya Tucson na moja ya Kinavajo, tabia ya dereva asiyependa abiria achelewe.

Monument Valley, yale majabali mekundu yaliyosimama peke yake kwenye uwanda, ni hifadhi ya Wanavajo wenyewe tangu mwaka 1958. Kadi ya wazee ya serikali ya Marekani haitumiki hapo, na ni haki, kwa sababu si mali ya serikali hiyo. Ipo barabara ya vumbi ya kilomita 27 unayoweza kuzunguka mwenyewe. Ukitaka kuingia zaidi lazima uende na kiongozi wa Kidiné. Tulikodi kiongozi mwenye gari la wazi, kijana wa makamo, na kabla hajawasha injini alijitambulisha kwa namna ambayo sikuitarajia ugenini. Alitaja ukoo wa mama yake, kisha wa baba yake, kisha wa babu mzaa mama, kisha wa babu mzaa baba. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, na watu wa ukoo mmoja hawaoani. Akatuuliza sisi ni wa nani.

Dada alinyooka kitini. Sisi ni Waluguru, na Waluguru pia hufuata ukoo wa mama. Alimtajia ukoo wetu na wa bibi zetu, huku nikisikia Kiingereza chake cha hospitali kikiacha kazi na majina ya milimani yakishika nafasi. Kuanzia hapo yule kijana hakutueleza mambo ya filamu, ingawa John Ford alipiga pale filamu ya Stagecoach iliyotoka mwaka 1939 na dunia ikaijua sehemu ile kwa hiyo. Alitueleza mambo ya watu. Alituonyesha hogan, nyumba ya jadi ambayo mlango wake hutazama mashariki. Alituonyesha kondoo wa shangazi yake. Akatueleza habari za mwaka 1864, jeshi la Marekani lilipochoma mashamba na kukata mipichi ya Canyon de Chelly, likawaswaga watu zaidi ya 8,000 kwa miguu hadi Bosque Redondo, New Mexico, mwendo wa kilomita mia kadhaa. Wengi walikufa njiani na huko kambini. Mwaka 1868 viongozi wao walitia saini mkataba wa kurudi, nao walirudi hapahapa. Aliyasimulia akiwa amepunguza mwendo wa gari, na dada, ambaye mara nyingi huuliza maswali, alinyamaza.

Njiani tulipishana na magari ya mizigo yamebeba matangi ya plastiki. Ni maji. Takriban theluthi ya nyumba za Wanavajo hazina maji ya bomba, na watu huendesha kilomita nyingi kwenda kuchota. Hapa ndipo nilipoukumbuka ule mfereji. Umeme wa kusukuma maji kwenda Phoenix na Tucson ulitoka kwa miaka mingi kwenye mtambo wa makaa ya mawe uliojengwa karibu na Page, ndani ya nchi ya Wanavajo, na makaa yalichimbwa Black Mesa, kwenye ardhi ya Wanavajo na Wahopi. Mtambo ulifungwa mwaka 2019. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura tano dhidi ya nne, iliamua kwamba mkataba wa 1868 hauilazimishi serikali kuchukua hatua za kuwapatia Wanavajo maji. Makaa yao yaliinua maji kwenda kwenye bustani za miji. Wao wanachota kwa matangi.

Nilimwambia shemeji kwamba hili si geni kwetu. Maji ya mto Ruvu yanayonywewa Dar es Salaam yanaanzia kwenye milima yetu ya Uluguru, na wapo akina mama wa milimani ambao bado wanapanda na ndoo. Akajibu, “Ndiyo maana sipendi kuona bomba limeachwa wazi, shemeji. Siyo bili. Ni heshima.” Nakubaliana naye. Mwenyeji anapokupa maji, jua yametoka kwa nani.

Adabu ya mgeni

Tulirudi kusini kupitia kwa Wahopi. Kijiji chao cha Oraibi kinakaliwa bila kukatika kwa zaidi ya miaka 800, na ni miongoni mwa makazi ya kale zaidi katika Marekani. Kupiga picha vijijini ni marufuku, kuchora pia. Simu zikakaa mifukoni. Badala yake shemeji, mtoto wa mkulima, alisimama muda mrefu kandokando ya shamba la mahindi lisilomwagiliwa, akatazama mashimo yalivyoachana hatua kadhaa na mbegu zinavyozikwa chini sana kufuata unyevu. Tukanunua vikapu kutoka kwa waliovisuka.

Kituo cha mwisho kilikuwa Hifadhi ya Taifa ya Petrified Forest, ambako magogo ya miti ya miaka zaidi ya milioni 200 yamegeuka mawe ya rangi nyekundu, njano na zambarau. Kuokota hata kipande ni kosa. Watu huokota, kisha dhamiri huwasumbua, wakavirudisha kwa posta pamoja na barua za kuomba radhi. Hifadhi haiwezi kuvirudisha mahali pake, kwa kuwa hakuna ajuaye vilitoka wapi, basi vimekusanywa lundo moja kando. Mgeni mwenye adabu haondoki na kitu cha mwenyeji asichopewa.

Kwa anayepanga safari

Miezi mizuri ni Machi hadi Mei, na Oktoba na Novemba. Juni hadi Septemba jangwa la chini si la wazee wala la mgeni asiyezoea. Ndani ya Grand Canyon, mamlaka za hifadhi huonya kwa msisitizo dhidi ya kushuka hadi mtoni na kupanda siku hiyohiyo, na wakati wa joto hushauri watu wasitembee kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Tangu Januari 2026, mgeni asiye mkaazi wa Marekani hutozwa nyongeza ya dola 100 katika hifadhi 11 kubwa, Grand Canyon ikiwemo, asipokuwa na kadi ya mwaka ya dola 250. Ulizia utaratibu kabla ya kufika langoni. Kwenye ardhi za Wanavajo na Wahopi ada na masharti ni yao. Omba ruhusa kabla ya kupiga mtu picha, na nunua vito vya fedha na feruzi kwa fundi mwenyewe.

Kuliko yote, nenda na wazee wako kama unao huko, na ukubali mwendo wao. Watu wengi wa kwetu wakitembelea ndugu Marekani humaliza likizo madukani, na wazee wanabaki nyumbani wakipika. Wapakie garini. Wao ndio wanaojua barabara, ndio wenye muda, na ndio walioahirisha raha zao ili sisi tusome.

Na huku nyumbani hali si tofauti. Barabara kuu kutoka Morogoro kwenda Iringa inapita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, na nawajua wazee wa mjini kwetu ambao tembo wa Mikumi wamewaona kwa dirisha la basi tu, likiwa mbioni. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, majirani wengi wa hapohapo hawajaipandia. Ada ya raia ni ndogo sana ikilinganishwa na ya mgeni. Kinachokosekana ni mtu wa kusema Jumamosi hii tunakwenda. Vijana wenye magari wapange zamu, kila mwezi mmoja ampakie mzazi, mjomba au bibi, dumu la maji liwemo, mzee akae kiti cha mbele, na gari lisimame kila anaposema lisimame.